Mabomba ya kuku wa mayai yana utelezi ingawa natia kloro: nifanyeje?

Mfugaji wa Keshero, Goma

Ndugu wafugaji, nanyi waganga wa mifugo mnaosoma hapa, nawasalimu nyote.

Nafuga kuku wa mayai 600 hapa Keshero, katika banda la mita 20 kwa mita 5 ambalo sakafu yake imetandazwa maranda. Maji huwafikia kwa mistari miwili ya bomba la plastiki, kila mstari ukiwa na pipeti 30, zile chuchu za chuma zinazoachia tone kuku anapozigonga kwa mdomo. Maji yenyewe ni ya Ziwa Kivu. Bomba la mtaani likitoka, tunajaza tangi la lita 1,000 lililo juu ya jukwaa la mbao. Lisipotoka, vijana wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, hutuletea mabido, yaani madumu ya lita 20, na hapo kila bido lina bei yake. Kloro naitia kila tunapojaza tangi, kwa kuwa tangu mwaka 1994 kipindupindu kimetufundisha sisi watu wa Goma kwamba maji ya ziwa hayanywewi hivi hivi, na sioni kwa nini kuku wangu wanyweshwe maji ambayo mimi mwenyewe ningeyaogopa.

Pamoja na hayo, nilipofungua kizibo cha mwisho wa mstari mmoja ili nibadilishe pipeti iliyokuwa ikivuja, lilitoka pande la ute wa rangi ya kahawia, mzito, unaoteleza kati ya vidole, wenye harufu ya matope yaliyokaa. Nilipoingiza kidole ndani ya bomba nilihisi kuta zote zimefunikwa na kitu hichohicho. Pipeti kadhaa za mwisho wa mstari huo hutoa maji kidogo mno, na nyingine hazifungi, hata maranda yaliyo chini yake yamelowa na kuanza kunuka. Kuku wa upande ule wanaharisha kinyesi cha majimaji, mayai machafu yameongezeka, na utagaji umeshuka kidogo ilhali chakula hakijabadilika.

Jirani mmoja ananishauri niongeze javeli, ile dawa ya maji yenye kloro, hadi harufu yake isikike bandani. Mwingine anasema nitie siki kila siku na niachane na kloro kabisa. Naomba kuelezwa kwa nini ute huu unaota ilhali kloro ipo, nitausafishaje kuku wakiwa bado bandani, na nitawezaje kufanya kazi hiyo bila kumwaga maji mengi ninayoyanunua kwa bido.

Mganga wa mifugo, Bukavu

Ndugu wa Keshero, nashukuru kwamba umefungua kizibo, maana wafugaji wengi huangalia usafi wa maji kwa kuchungulia tangini, na kuku hanywi tangini. Maji yanayomhusu ni yale yanayotoka kwenye pipeti ya mwisho, baada ya kupita tangi na bomba zima. Nimeingia katika mabanda ambayo maji ya tangi yalikuwa safi kabisa na maji ya mwisho wa mstari hayakufaa hata kuoshea miguu.

Huo ute ni makao ya bakteria. Bakteria wachache wanaponata kwenye ukuta wa bomba hutoa utando unaowafunika, na chini ya utando huo huzaana, wakiwapa hifadhi wengine wanaopita, wakiwemo E. coli na Salmonella. Kloro ya kiasi cha kunywa ikipita juu ya utando huo, inamalizika kwa kuunguza tabaka la juu tu, kwa sababu kloro hutumika kwenye uchafu wowote inaokutana nao kabla ya kufika kwa kijidudu. Waliojificha ndani wanabaki hai. Kisha vipande vya ute hubanduka mara kwa mara: kimoja kinaziba pipeti, kingine kinakwama kwenye kifungio chake ili isifunge tena, na kingine kinamezwa na kuku. Dalili zote ulizotaja zinaweza kutokana na jambo hilo moja. Hata hivyo, usiridhike na maelezo hayo kuhusu kinyesi cha majimaji. Peleka sampuli ya kinyesi ikapimwe, hasa kwa sababu maranda yamelowa. Unyevu huo ndio unaoivisha mayai ya koksidia, vijidudu vya tumboni vinavyoharisha kuku, na mayai hayo hayauawi na kloro, hata ukiitia kwa wingi.

Sasa tazama vitu vinavyoulisha ute. Kuku mmoja wa mayai hunywa takriban maradufu ya uzito wa chakula anachokula. Akila gramu 110 hadi 120 kwa siku, atakunywa kama mililita 220 hadi 240 katika hali ya hewa ya Goma. Kuku wako 600 basi hunywa kama lita 130 au 140 kwa siku. Tangi lako ni la lita 1,000. Maana yake ni kwamba maji uliyoyatia kloro Jumatatu ndiyo wanayoyanywa hata Jumapili, na kufikia siku hiyo kloro imekwisha kupotea hewani na kwenye uchafu wa tangi lenyewe. Ndani ya bomba nako maji huenda polepole sana, hasa mwishoni mwa mstari, na usiku hayaendi kabisa. Ukiongeza hapo vitamini za unga, ambazo nyingi hubebwa na sukari, au maziwa yanayochanganywa na maji ya chanjo, au maji ya majani ya mpapai na mshubiri ambayo wafugaji wa kwetu hupenda kuyatia, umewaandalia bakteria chakula. Sikatazi vitamini. Nakataza vitamini zilale ndani ya bomba.

Kuhusu kusafisha, kanuni ni kwamba ute hutolewa kwanza na kuua vijidudu kunafuata. Kazi hiyo inawezekana kuku wakiwa ndani, kwa sababu kuku hanywi gizani. Kuku wa mayai anayepewa mwanga wa saa 16 ana saa 8 za giza, na saa hizo zinatosha. Safisha mstari mmoja usiku mmoja na wa pili usiku mwingine, ili asubuhi ikitokea pipeti zimeziba, kuku wawe na upande mwingine wa kunywea.

Taa zikizimwa, funga robine (koki) ya tangi, fungua kizibo cha mwisho na uyaache maji yaliyomo yaingie ndooni. Ingiza kamba ndani ya bomba kwa msaada wa waya mgumu, funga kwenye kamba hiyo kipande cha sponji kinachojaa bomba, kisha ukivute kutoka mwanzo hadi mwisho, ukioshe, ukivute tena, mpaka kitoke bila rangi. Ikiwa mikia ya pipeti imejitokeza ndani ya bomba, tumia sponji laini zaidi isije ikakwama. Nasisitiza sponji kwa sababu tangi lililo mita 2 juu ya bomba linatoa msukumo wa kama bari 0.2 tu, na msukumo huo hauwezi kubandua ute peke yake. Mashamba makubwa yenye pampu husukuma maji kwa bari 1.5 hadi 3, na hata wao hawategemei msukumo pekee.

Baada ya hapo jaza bomba dawa. Iliyo bora kwa ute ni hidrojeni peroksidi iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya mifugo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake, kwa kuwa nguvu yake hutofautiana kutoka bidhaa moja hadi nyingine. Usipoipata, javeli ya nyuzi 12, yenye takriban gramu 36 za kloro kwa lita, itafaa: vijiko viwili vya mezani katika bido la lita 20 hutoa kama miligramu 50 kwa lita. Hiyo ni dawa ya kusafishia bomba, si maji ya kunywa, kwa hiyo inua mstari juu mpaka kuku asiweze kuufikia. Gonga kila pipeti mpaka dawa itoke, uiache usiku kucha. Kabla ya mapambazuko fungua kizibo, toa dawa yote, pitisha maji safi, kisha pita pipeti baada ya pipeti ukiigonga kwa kidole mpaka maji yatoke bila harufu. Usiiruke hata moja. Ute uliolegea usiku ndio unaoziba asubuhi, na kuku aliyeshinda bila maji hatagi kama kawaida hata baada ya kuyapata.

Maji hayatakula fedha nyingi kama unavyohofia. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 20 hubeba kama theluthi moja ya lita kwa kila mita. Mstari wako wa mita 18 hivi una lita 6, na mistari yote miwili ina lita 12. Kuisuuza mara tatu ni lita 36, ambazo hazifiki mabido mawili, na maji hayo unaweza kuyaoshea ndoo na mabuti.

Mwalimu wa kemia, Himbi, Goma

Naunga mkono yote aliyoyasema mganga, lakini kuna jambo la ziwa letu ambalo halikutajwa, na bila hilo hesabu ya kloro haitakaa sawa.

Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH, yaani kipimo cha asidi ya maji ambacho hushuka asidi ikizidi, inayokaribia 9. Kloro ikiingia katika maji hugawanyika katika hali mbili: asidi ya hipoklorasi, ambayo ndiyo muuaji hodari wa vijidudu, na ioni ya hipokloraiti, ambayo ni dhaifu kuliko asidi hiyo mara nyingi. Kinachoamua ni pH. Katika pH 7, zaidi ya robo tatu ya kloro iko katika hali ile yenye nguvu. Katika pH 8 imebaki kama robo. Katika pH 9 ni sehemu 3 hivi tu katika 100. Kwa hiyo mfugaji wa Keshero anaweza kutia kloro ileile, kwa kijiko kilekile, kama mwenzake anayetumia maji ya chemchemi, na akapata kazi ndogo sana kwa kila dakika. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, linaposema kloro huru, yaani ile ambayo haijaungana na uchafu, ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, linaongeza sharti kwamba pH iwe chini ya 8.

Hii haina maana kwamba kloro haifai Goma. Vituo vya kutia kloro kando ya ziwa, ambapo mabido hupimiwa dawa kwa bomba la sindano, vimeokoa watu wengi. Maana yake ni kwamba kwetu kloro inahitaji muda mrefu zaidi na kipimo cha juu zaidi. Kwa kuku, wataalamu hutaka kloro huru ya miligramu 2 hadi 5 kwa lita kwenye kinyweo cha mwisho. Kwa maji yetu mimi ningeshika upande wa juu wa kiwango hicho, na ningeyaacha maji yakae saa kadhaa baada ya kutia dawa kabla ya kuyafungulia kuku. Ukitumia kloro ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, kijiko kidogo cha chai kilichosawazishwa, yaani gramu 4 au 5, hutosha kuzipa lita 1,000 miligramu 3 kwa lita. Iyeyushe kwanza ndooni, acha chembe zitulie, na umimine tangini yale maji maangavu tu, kwa sababu mashapo yake huenda kuziba pipeti. Ukitumia javeli ya nyuzi 12, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 200 kinakaribia kiwango hicho. Soma lebo, maana javeli zinazouzwa hazilingani nguvu, na hata iliyo nzuri hudhoofika ikikaa juani.

Jirani anayekuambia utie mpaka harufu isikike anakupotosha bila kukusudia. Harufu kali mara nyingi hutoka kwa kloro iliyokwisha kuungana na uchafu na amonia, si kwa kloro huru iliyobaki kufanya kazi. Pua haiwezi kukuambia kiasi. Tumia vidonge vya DPD, vya kupimia kloro huru: weka kimoja katika maji ya pipeti ya mwisho, maji yageuke rangi ya waridi, kisha ulinganishe rangi hiyo na ile iliyo kwenye kifaa. Yakibaki meupe, kloro yako imeishia njiani hata kama tangi zima linanuka.

Kuhusu kushusha pH, maji ya Kivu yana bikabonati nyingi sana, nazo huzuia asidi isifanye kazi haraka. Siki kidogo katika tangi haitabadili chochote. Wanaotaka kushusha watumie asidi ya sitriki na waijaribu kwanza katika bido moja kwa karatasi za kupimia, wahesabu kiasi, ndipo watie tangini, wakoroge, wapime tena, na kloro iliyoyeyushwa iingie mwisho kabisa. Asidi na javeli visikutane kamwe vikiwa vikali katika chombo kimoja. Hutoa gesi ya kloro, na gesi hiyo huunguza mapafu ya mtu na ya kuku.

Bikabonati hizo pia zinaacha chokaa. Kila aliyetembea ufukweni ameuona ukoko mweupe juu ya mawe meusi ya lava. Ukoko wa namna hiyo ndio unaojijenga katika pipeti zako polepole. Ute hushika vizuri zaidi juu ya ukoko huo kuliko juu ya plastiki laini.

Wako pia watakaokushauri ukinge maji ya mvua. Yakingwe, lakini mvua ya kwetu hupita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo, ikashuka na asidi na fluoridi, na juu ya bati inakusanya kinyesi cha ndege wa porini. Maji ya mwanzo wa mvua yamwagwe, na yanayofuata yatiwe kloro kama mengine.

Mfugaji wa Katuba, Lubumbashi

Mwalimu ameeleza vizuri suala la chokaa, nami nina la kuongeza kwa sababu sisi tunaotumia visima vya foraji, vile vinavyochimbwa kwa mashine, huku Lubumbashi tunaishi nalo. Miamba ya chini yetu mahali pengi ni ya dolomiti, aina ya mwamba wa chokaa, maji yake ni magumu, yaani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na pipeti isiyoangaliwa hupata ukoko unaoonekana kama chumvi iliyokauka. Dawa yake ni asidi ya sitriki usiku, mistari ikiwa imeinuliwa, kwa kiasi kinachoshusha pH chini ya 5 lakini isipungue 4, ili mipira ya pipeti isiharibike. Asubuhi suuza, na kloro ianze upya baada ya asidi kutoka yote.

Siki ya kila siku siipendekezi. Asidi hafifu isiyo na dawa nyingine hupunguza bakteria fulani, lakini kuvu na hamira huipenda, na mwisho unapata ute mwingine, mzito kama utomvu. Nimeuona katika banda la jirani ambaye alikuwa na imani kubwa na siki.

Jambo la mwisho: antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini hushikwa na kalsiamu na magnesiamu. Mwenye maji magumu akizitia majini, sehemu ya dawa humpita kuku bila kumsaidia, kisha mabaki yake hulala kwenye bomba. Muulize mganga kabla ya kununua. Huku kwetu mwezi wa Oktoba joto linapopanda, kuku hunywa zaidi sana, na mtu akitia dawa kwa hesabu ya Juni anawapa kiasi kisicho chake.

Mama mfugaji wa Kadutu, Bukavu

Nawasikia mkizungumza pipeti, nami nataka tusiwasahau wenye vinyweo vya kengele na vya sahani, ambao ndio wengi kwetu. Kinyweo kilicho wazi huingia pumba, maranda na mate ya kuku wote, na mafua ya kuku yakiingia bandani, sahani hiyo ndiyo inayoyagawa. Mimi naviosha kila asubuhi kwa brashi, nikisugua ukingo wa ndani ambapo ute hujificha, na naviinua sawasawa na mgongo wa kuku ili wasivipekulie maranda.

Msimu wa mvua, maji yetu ya Bukavu hushuka na udongo wa milimani. Msitie kloro katika maji ya rangi ya chai, kwa kuwa udongo na uchafu wake vitaimaliza yote. Nayaacha yatulie katika pipa usiku mmoja, yakikataa natia shabu kidogo, namimina ya juu kupitia kitambaa kizito, na kloro inafuata baadaye. Wenye pipeti waweke chujio kabla ya mstari na walioshe kila wiki, maana nimekuta chujio zilizooza kuliko bomba lenyewe.

Mfugaji wa Keshero, Goma

Wapendwa, aksanti sana. Nimesoma yote na mfanyakazi wangu, na tumeanza na mstari wa upande wa mlango kama mganga alivyoelekeza. Sponji ya kwanza ilitoka nyeusi, ikiwa na chembe nyeupe ngumu zilizoshikamana na ute, na sasa namwelewa mwalimu. Pipeti chache zilizokuwa zimeziba tulizifungua, tukazilaza katika maji ya asidi ya sitriki, na asubuhi zilikuwa zinatoa maji sawa na nyingine.

Badala ya kulijaza tangi zima, nafikiria kuweka pipa la lita 200 kati ya tangi na banda, nitie kloro humo kila jioni kwa matumizi ya kesho yake. Maji yatakaa usiku mzima na dawa, na hayatazidi siku moja na nusu. Je, ni sahihi? Swali la pili: wiki ijayo natakiwa kutoa chanjo ya Newcastle (mdondo) kupitia maji ya kunywa. Ninyi mmenifundisha kloro ifike mpaka pipeti ya mwisho, lakini chanjo ni virusi hai, na naogopa kloro hiyo itaiua.

Mganga wa mifugo, Bukavu

Pipa la lita 200 ni wazo zuri, mradi liwe na kifuniko, lisipitishe mwanga, na robine yake iwe juu kidogo ya sakafu ya pipa ili mashapo yabaki chini. Tangi lile kubwa nalo lioshwe ndani, kwa brashi, kila linapoisha maji. Ili ujue kama mambo yanaenda vizuri, kinga maji ya pipeti ya mwisho kwa dakika moja katika chupa yenye alama: kwa kuku wa mayai yasipungue mililita 60. Ukipata nafasi, peleka pia maabara maji ya pipeti hiyohiyo. Tunachotaka ni kusiwe na E. coli hata mmoja katika mililita 100.

Hofu yako kuhusu chanjo ni ya haki kabisa. Chanjo hai ya Newcastle huuawa na kloro hata iwe kidogo, kwa hiyo acha kutia kloro saa 48 kabla ya chanjo, na usiirudishe mpaka saa 24 zipite baada yake. Usafishaji wa usiku kwa peroksidi au javeli kali usiufanye ndani ya siku hizo. Mstari uliobaki umalize sasa, na usuuzwe vizuri, ili siku ya chanjo pasiwe na dawa iliyosalia kwenye kona za bomba. Kwa siku hizo chache bila kloro, tumia maji uliyoyachemsha na kuyapoza, au yale safi kuliko yote unayoweza kupata, kwa sababu hutakuwa na kinga nyingine.

Siku yenyewe, asubuhi na mapema, wanyime kuku maji kwa saa moja hadi mbili ili wote wawe na kiu kwa pamoja. Pima maji yanayoweza kwisha ndani ya saa mbili. Kwa kundi lako kama lita 26, yaani sehemu ya tano ya maji ya siku, yatafaa. Koroga ndani yake unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, ungoje dakika 20 hadi 30, kwa kuwa maziwa hayo humaliza kloro ndogo iliyobaki na kuilinda chanjo. Fungulia kichupa cha chanjo ndani ya maji hayo, ukoroge kwa mti safi wa plastiki.

Watu wengi hukosea hapa, na kosa lao halionekani. Mistari yako ina lita 12 za maji ya kawaida. Usipoyatoa, kuku wa kwanza wenye kiu watakunywa hayo na kuridhika, na chanjo itawafikia wakiwa hawana hamu. Basi inua mistari, toa maji yote, ingiza maji ya chanjo, na uache vizibo wazi mpaka uone weupe wa maziwa unatoka mwishoni. Funga, gonga pipeti za mwisho mpaka zidondoshe tone jeupe, ndipo uishushe mistari yote kwa wakati mmoja. Tembea taratibu kando ya kuta ili kuku waliolala pembeni wainuke waje kunywa.

Maji ya chanjo yakiisha, suuza mistari siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na kloro, sponji ipite mara moja, na usiku usiingie kabla hujamaliza, kwa sababu maziwa yaliyobaki ndani ya bomba mpaka kesho yake yanatosha kuuanzisha ute tena.